Je, jaribio la bamba linatosha kupima udongo wa mfinyanzi utakaobeba ghala la korosho?

Mwanaushirika wa Bonde la Lukuledi (Lindi) aliuliza:

Ndugu zangu, habari za kazi. Mimi ni mjumbe wa bodi ya chama cha msingi cha ushirika katika Mkoa wa Lindi, upande wa bonde la Mto Lukuledi, na ninaomba ushauri juu ya jambo ambalo wajumbe wenzangu wananitegemea nilielewe kabla hatujatia saini mkataba wa ujenzi. Tunakusudia kujenga ghala la korosho lenye upana wa mita 15 na urefu wa mita 30, lenye nguzo za zege, kuta za tofali za saruji na paa la bati juu ya kenchi za chuma. Kiwanja kiko kwenye tambarare ya chini. Udongo wake wa juu ni mweusi, hunata sana wakati wa mvua, na kiangazi hupasuka nyufa ambazo mtu anaweza kuingiza kiganja cha mkono. Ukichimba kiasi cha mita moja unakuta mfinyanzi wa kijivu wenye madoa ya njano.

Mwishoni mwa Septemba mtaalamu tuliyempa kazi alikuja na bamba la chuma la mraba lenye upana wa sentimita 30, jeki ya mafuta, na lori lililojaa kokoto ili jeki ipate mahali pa kukingamia. Alichimba shimo moja la kina cha mita moja katikati ya kiwanja, akaweka bamba, akaongeza mzigo hatua kwa hatua, na kazi ikamalizika kabla ya adhuhuri. Ripoti yake ya kurasa mbili inasema kwamba chini ya shinikizo la kilopaskali 150, yaani takriban tani 15 kwa kila mita ya mraba, bamba lilititia milimita 4 tu, na kwa hiyo udongo unafaa kujengewa kwa vitako vya kawaida vya nguzo vyenye upana wa mita 1.5.

Fundi mmoja mzee wa hapa kwetu ameisoma ripoti hiyo akatikisa kichwa, lakini hakuweza kutueleza kwa hesabu kinachomtia shaka. Naomba mnieleze kwa ufasaha: je, jaribio hili linatosha? Na kama halitoshi, ni vipimo gani tudai ili fedha za wakulima zisije zikazikwa kwenye ghala lenye nyufa?

Mhandisi wa Misingi (Mtwara) alijibu:

Ndugu mwanaushirika, fundi wenu ana haki ya kutia shaka, nami nitajaribu kuiweka shaka yake katika tarakimu. Jaribio la bamba ni jaribio halali na linakubalika duniani kote, na mtaalamu wenu huenda alilifanya kwa uangalifu. Tatizo ni kwamba limejibu swali dogo kuliko swali mlilonalo.

Mzigo unapokaa juu ya udongo, shinikizo lake husambaa kwenda chini na pembeni huku likipungua, na kwa bamba la mraba huwa limepungua hadi karibu sehemu moja ya kumi linapofika kina cha mara mbili ya upana wa bamba. Bamba la sentimita 30 kwa hiyo limeupima udongo wa sentimita 60 tu chini yake. Kitako cha nguzo chenye upana wa mita 1.5 kitausumbua udongo hadi mita 3 chini yake, nayo sakafu ya ghala lote, yenye upana wa mita 15, itapeleka shinikizo lake makumi ya mita chini ikiwa mfinyanzi unaendelea hadi huko. Ripoti mliyonayo haijui lolote kuhusu udongo ulio chini ya mita 1.6 kutoka usoni pa ardhi.

Hili si jambo la nadharia tupu. Mwaka 1913, huko Transcona karibu na Winnipeg nchini Kanada, ghala kubwa la nafaka lilijengwa juu ya mfinyanzi baada ya majaribio ya kuupakia mzigo udongo wa juu kuonyesha kwamba uwezo ulikuwa wa kutosha. Lilipokuwa linajazwa ngano mwezi Oktoba, lilianza kuzama, na ndani ya muda wa takriban siku moja likainama hadi pembe ya karibu nyuzi 27. Uchunguzi uliofanywa miaka mingi baadaye ulithibitisha kwamba chini ya mfinyanzi mgumu wa juu kulikuwa na mfinyanzi laini zaidi, ambao majaribio yale madogo hayakuweza kuufikia. Lenu pia ni ghala pana litakalojazwa mazao, nanyi pia mna udongo wa juu uliokaushwa na jua, kwa hiyo mfano huo unawahusu moja kwa moja.

Sasa tuje kwenye kutitia. Kwa mfinyanzi ulio wa aina moja, kiasi cha kutitia huongezeka kwa kadiri ya upana wa msingi: kitako cha mita 1.5 ni mara tano ya bamba la sentimita 30, hivyo milimita 4 za bamba zinakuwa kama milimita 20 za kitako. Hizo peke yake zinavumilika. Lakini hizo ni za kutitia kwa papo hapo tu. Mfinyanzi uliojaa maji hutitia kwa namna ya pili, iliyo kubwa na ya taratibu: mzigo unayasukuma maji yaliyomo ndani ya matundu madogo sana ya udongo, maji yanatoka polepole, na udongo unashindiliwa kwa miezi au miaka. Mhandisi wa udongo Karl Terzaghi ndiye aliyeliwekea jambo hili hesabu katika miaka ya 1920, na hesabu yake inaonyesha kwamba tabaka likiwa nene maradufu, muda unaohitajika unakuwa mara nne. Jaribio lililokwisha kabla ya adhuhuri haliwezi kuliona jambo hilo hata kidogo.

Tuchukue mzigo wa sakafu yenu. Korosho ghafi zina uzito wa kilo 550 hadi 600 kwa kila mita ya ujazo, hivyo magunia yaliyopangwa hadi kimo cha mita 4 yanaleta takriban kilopaskali 22 juu ya sakafu. Mtu atasema kwamba 22 ni kidogo mbele ya 150. Lakini mzigo huo ni mpana, haupungui upesi unapokwenda chini. Tukichukulia, kwa mfano tu, tabaka la mfinyanzi la mita 5 ambalo kila mita yake hupungua milimita 0.3 kwa kila kilopaskali moja, tunapata 0.3 mara 22 mara 5, yaani milimita 33, na zaidi sana ikiwa tabaka ni nene zaidi. Katikati ya ghala patatitia zaidi kuliko kwenye kuta, na udongo unaoshuka utazivuta nguzo ziinamie ndani. Kuta za tofali huanza kupasuka pale tofauti ya kutitia kati ya nguzo mbili inapofikia takriban sehemu 1 kwa 300 ya umbali baina yao, kwa hiyo nguzo zilizoachana mita 5 hazivumilii tofauti inayozidi milimita 17 hivi.

Jambo la tatu ni majira. Kipimo chenu kilifanyika mwishoni mwa Septemba, baada ya kiangazi kirefu cha kusini, wakati ambapo udongo wa juu ni mgumu kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Nguvu ya mfinyanzi dhidi ya mkato, yaani uwezo wake wa kustahimili mzigo bila kukatika na kuteleza, hubadilika sana kwa unyevu. Kwa kanuni ya Skempton, mtaalamu wa uhandisi wa udongo, kitako cha mraba cha mita 1.5 kilichowekwa kina cha mita 1.5 huanguka pale shinikizo la ziada linapofikia nguvu ya mkato mara 7.2, kisha tunagawa kwa 3 ili kupata usalama. Mfinyanzi mkavu wenye nguvu ya kilopaskali 100 unakubali 240. Ukilowa na kushuka hadi 50, unakubali 120. Ukishuka hadi 30, unakubali 72 tu, ambayo ni chini ya nusu ya kile kilichoandikwa kwenye ripoti yenu. Nanyi mtalijaza ghala kuanzia Oktoba minada inapofunguliwa, na mvua zitakuja juu ya mzigo huo huo.

Fundi Sanifu wa Maabara ya Udongo alijibu:

Nakubaliana na mhandisi, nami naomba niongeze upande wa maabara, kwa sababu maelezo ya udongo mweusi unaopasuka nyufa yananihangaisha kuliko suala la uwezo wa kubeba. Udongo wa namna hiyo huvimba unapolowa na kusinyaa unapokauka, na nguvu yake ya kuvimba inaweza kuzidi uzito wa jengo jepesi. Pembezoni mwa ghala, ambako kuta ni nyepesi na maji ya paa yanadondoka, msingi unaweza kuinuliwa, huku katikati ukizamishwa na magunia. Hakuna jaribio la bamba linaloweza kuwaonyesha jambo hilo.

Kipimo cha kwanza ni rahisi na cha bei nafuu. Udongo uliokaushwa na kuchekechwa, wenye ujazo wa sentimita 10 za ujazo, unamwagwa taratibu kwenye chupa ya kupimia yenye maji, kisha unaachwa utulie na kusomwa umeongezeka kwa kiasi gani. Ukiongezeka kwa chini ya asilimia 50, kwa kawaida hauleti shida kubwa. Ukifika asilimia 100 au zaidi, jueni kwamba mnajenga juu ya udongo wenye hatari. Pamoja na hicho dai vipimo vya Atterberg, yaani kiwango cha maji ambapo udongo unaacha kufinyangika na kuanza kutiririka, na kile ambapo unaanza kumeguka unapoviringishwa kuwa uzi mwembamba wa milimita 3. Tofauti kati ya viwango hivyo viwili ikizidi 35, mjiandae kwa udongo unaobadilika sana.

Kwa nguvu na kutitia, tunahitaji sampuli isiyovurugwa, na hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Sampuli ya mfinyanzi huchukuliwa kwa bomba la chuma lenye ukuta mwembamba, linalosukumwa kwa utulivu badala ya kugongwa, kisha ncha zote mbili zinazibwa kwa nta siku hiyo hiyo, na bomba linasafirishwa likiwa limesimama, limefunikwa, likiwa mbali na jua. Nimeziona sampuli zilizofika zikiwa zimefungwa kwenye mfuko wa nailoni nyuma ya gari la wazi. Huo ulikuwa tayari ni udongo mwingine kabisa. Sampuli nzuri inakatwa silinda ya kipenyo cha milimita 38 na urefu wa milimita 76, inagandamizwa bila kuzuiliwa pembeni hadi inavunjika, na nusu ya shinikizo la kuvunjika ndiyo nguvu ya mkato. Kipande kingine kinawekwa kwenye odomita, ambacho ni chombo chenye pete ya chuma kinachoupakia udongo mzigo mmoja kwa takriban saa 24 kabla ya kuongeza mwingine. Msishangae basi mkiambiwa kwamba majibu yanachukua wiki kadhaa, na msimwamini anayewaahidi odomita kwa siku mbili.

Mkiwa shambani mnaweza wenyewe kujipatia picha ya awali kwa vidole. Mfinyanzi unaopenya kati ya vidole ukiukamua ngumini ni laini mno, chini ya kilopaskali 20. Unaofinyangika kwa nguvu kidogo ya vidole uko kati ya 20 na 40. Unaohitaji nguvu nyingi uko kati ya 40 na 75. Na ule usiofinyangika, ila dole gumba linaacha alama, unazidi 75. Fanyeni hivyo kwa kila nusu mita mnayoshuka, mkiandika. Lakini nawasihi kwa moyo wote: mtu asiingie kwenye shimo lenye kina kinachozidi mita 1.2 bila kuta zake kukingwa kwa mbao. Mfinyanzi wenye nyufa huanguka ghafla na kwa uzito mkubwa.

Fundi wa Naliendele aliandika:

Salamu kwenu wote. Mimi si mhandisi, nimejenga Mtwara na Lindi kwa miaka mingi, na nataka kusema kuhusu vitu ambavyo havigharimu fedha. Kabla ya kumwita mtu yeyote, zungukeni majengo yaliyo kwenye tambarare hiyo hiyo na kwenye udongo huo huo. Shule, zahanati na maghala ya zamani yatawaambia mengi. Angalieni nyufa za mshazari zinazoanzia kwenye pembe za madirisha na milango, angalieni kama milango inasugua sakafu wakati wa mvua na kulegea kiangazi, na muwaulize wenyeji nyufa hizo hupanuka miezi gani. Ufa unaofunguka na kufunga kwa majira ni wa udongo unaovimba. Ufa unaopanuka tu mwaka hadi mwaka ni wa jengo linalozama.

Msilinganishe kiwanja chenu na vya huku Naliendele au juu kwenye uwanda wa Makonde, ambako udongo mwingi ni mchanga mwekundu unaopitisha maji. Msingi unaodumu huku juu, ukiuhamishia bondeni bila kuubadilisha, utakuletea lawama. Kadhalika msikubali mtu awaambie kwamba kuweka kifusi cha moramu cha nusu mita juu ya mfinyanzi kunamaliza tatizo. Kifusi chenyewe ni mzigo mpya, na mfinyanzi uliopo chini bado uko pale pale.

Mwanaushirika wa Bonde la Lukuledi alijibu:

Nawashukuru sana, na nimekwisha kuwasomea wajumbe maelezo haya. Tumezunguka kama alivyoshauri fundi, na jengo moja la jirani lina nyufa za mshazari ambazo mlinzi wake anasema hupanuka kila ifikapo Oktoba na kubana ifikapo Machi. Bado nina maswali mawili. La kwanza, je, tunaweza kulowesha shimo kwa maji na kurudia jaribio la bamba sasa hivi badala ya kusubiri mvua? La pili, fedha zetu haziwezi kulipia kila kitu, kwa hiyo tungependa kujua kipi kitangulie.

Mhandisi wa Misingi (Mtwara) alijibu:

Ndugu mwanaushirika, habari ya jengo la jirani inatilia nguvu alichokisema fundi sanifu, kwa hiyo kuvimba kwa udongo kuchukuliwe kuwa jambo la kwanza la kuthibitisha.

Kulowesha shimo ni bora kuliko kutolowesha, lakini msilipe gharama ya lori na jeki mara ya pili kwa ajili hiyo. Mfinyanzi hupitisha maji polepole mno, na maji mtakayomwaga yatapita kwenye nyufa chache na kuacha madonge ya kati yakiwa makavu, hivyo kipimo kitakuwa cha udongo uliolowa nusu nusu. Njia safi zaidi ni kuuliza jambo hilo maabara: sampuli iliyochukuliwa ikiwa kavu inawekwa ndani ya odomita, inapewa mzigo mdogo unaolingana na uzito wa ukuta, inamwagiwa maji, kisha inapimwa imevimba kiasi gani na ni shinikizo gani linahitajika kuirudisha ilikokuwa. Hapo mtakuwa mmeiona mvua ya kwanza kabla haijanyesha.

Kuhusu kipi kitangulie, fedha zenu ziende kwenye kina kabla ya kitu kingine chochote. Toboeni mashimo manne karibu na pembe na moja katikati kwa keekee ya udongo. Yale ya pembeni yafike angalau mita 6, na la katikati lifike mita 15 au hadi tabaka gumu lililothibitishwa, kwa maana ya kwamba limetobolewa mita kadhaa na si kuguswa tu. Mahali ambapo mfinyanzi ni laini, ombeni kipimo cha panga la mkato, ambalo ni msalaba wa mabapa manne unaosukumwa ndani ya udongo na kuzungushwa hadi udongo ukatike; kwa mfinyanzi laini linaaminika kuliko kuhesabu mapigo ya nyundo. Nyundo ya kilo 63.5 inayoangushwa kutoka sentimita 76, ambayo wachimbaji wengi huja nayo, inafaa kwa kutambua matabaka na kuchukua sampuli, lakini msikubali nguvu ya mfinyanzi ikadiriwe kwa mapigo yake peke yake. Acheni bomba la plastiki lenye matundu ndani ya shimo la katikati ili msome kina cha maji kila mwezi hadi Aprili. Gharama yake ni ndogo, na bila usomaji huo hesabu ya kutitia haiwezi kuwa sahihi.

Mkandarasi asiruhusiwe kuchimba mitaro ya misingi hadi majibu yapatikane na mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi ayasaini pamoja na michoro. Ikithibitika kwamba udongo unavimba na mfinyanzi laini ni mnene, vitako vya mita 1.5 vitaondoka kwenye meza, na mazungumzo yatakuwa kati ya nguzo za kina kirefu zinazopita tabaka linalobadilika, au sakafu iliyotenganishwa na kuta ili kila moja ishuke kwa njia yake. Wekeni hapa jedwali la odomita na kina cha maji mtakapokuwa navyo, pamoja na umbali kati ya nguzo, nami nitawakokotolea kutitia kwa katikati na kwa pembeni ili bodi ilinganishe gharama za njia hizo mbili.